Breki Inayosubiri Kupata Moto Si Breki

Haya wadau, nimekuwa kimya kwa majuma mawili, na najua wengine mlitarajia nirudi na sehemu ya pili ya ile habari ya hifadhidata. Itakuja. Leo nina jambo la breki za gari, na kabla hujafunga ukurasa ukisema blogu imevamiwa na mafundi, subiri kidogo. Ni jambo la hesabu na la kusoma grafu. Zaidi ni jambo la watu werevu wanaochagua kitu kwa kutazama nambari moja tu, ile kubwa kuliko zote. Sisi wanaprogramu tunaujua ugonjwa huo.

Ninaogombana nao leo ni wenye magari ya spoti ya zamani, na hasa wapenzi wa Datsun 240Z. Nchi hii ina sababu ya kulipenda gari hilo. Edgar Herrmann alishinda nalo Safari Rally ya 1971, na Shekhar Mehta akashinda nalo ile ya 1973. Tangu 2003 tuna pia East African Safari Classic Rally, ambako magari ya enzi hizo bado yanatimua vumbi kama zamani. Kwa hiyo mtu akiipata 240Z, akaifufua kwa miaka mitatu ya jasho na pesa, anataka iwe kama ya Mehta. Akifika kwenye breki anafungua katalogi, anatafuta pedi za mashindano zilizoandikwa "hadi nyuzi 800", na anaagiza. Wenzake wanampigia makofi.

Mimi simpigii. Nasema wazi: kwa gari linaloendeshwa kwenye barabara za kawaida, pedi hizo ni hatari kuliko pedi za kawaida za kiwandani. Tena hatari hiyo haimwangukii mwenye gari peke yake.

Tuanze na hesabu

240Z ni gari jepesi, kama kilo 1,050 hivi likiwa tupu. Weka watu wawili na mafuta, useme kilo 1,200. Breki za mbele ni diski za chuma kizima, zisizo na mianya ya hewa katikati. Za nyuma ni dramu. ABS hakuna, mguu wako ndio ABS.

Breki haili mwendo, inaugeuza kuwa joto. Gari la kilo 1,200 likiwa kwenye kilomita 100 kwa saa lina nishati ya karibu kilojuli 463. Ukisimama, karibu zote zinaingia kwenye diski na dramu. Kwenye kilomita 50 kwa saa nishati ni robo ya hiyo, kama kilojuli 116. Ndiyo maana breki za mjini hazipati moto sana: unasimama mara nyingi, lakini kila mara ni kwa kiasi kidogo, na upepo unapoza.

Mteremko nao una hesabu yake. Kila mita 100 gari hilo linaposhuka, likishikiliwa kwa breki peke yake, breki zinapokea karibu kilojuli 1,180. Hizo ni sawa na kusimama mara 2 na nusu kutoka kilomita 100 kwa saa. Sasa fikiria ile barabara ya chini ya kwenda Mai Mahiu, inayoteremka mamia ya mita kuingia Bonde la Ufa. Utaelewa kwa nini malori huko yananuka breki. Hilo silikatai, na nitalirudia.

Pedi ni mkunjo, si nambari

Pedi ya breki inapimwa kwa msuguano wake dhidi ya diski. Kipimo hicho hubadilika kadiri joto linavyobadilika, na hapo ndipo siri yote ilipo.

Pedi nzuri ya barabarani inashika mara moja ikiwa baridi, inaendelea vivyo hivyo joto likipanda, kisha ikipita nyuzi mia tatu au nne hivi inaanza kuchoka. Pedi ya mashindano imechanganywa kwa kazi nyingine. Dereva wa mashindano hazipoteki breki zake: anaingia kona, anakanyaga, anatoka, anakanyaga tena. Kwa hiyo mtengenezaji anachagua mchanganyiko unaostahimili nyuzi 600, 700 na zaidi. Gharama yake ni kwamba pedi ikiwa baridi inashika kidogo, mpaka ifike karibu nyuzi 200 au zaidi ndipo inaamka. Watengenezaji hawafichi jambo hili. Wengi wanaandika waziwazi kwamba pedi hizo si za barabarani. Wanaolificha ni wauzaji wa mikononi na washauri wa vijiweni.

Wenzangu wa kompyuta, hii mnaijua. Ni kama programu ya kwenye wingu inayohudumia maombi elfu kumi kwa sekunde ikishaamka, lakini ombi la kwanza kabisa linangoja sekunde nane. Kwenye jedwali la wauzaji ni bingwa. Kwa mteja wa kwanza ni takataka. Tofauti ni kwamba mteja wa programu atabofya tena. Mtoto anayevuka barabara habofyi tena.

Wengine wanauza pedi kwa rangi: kijani ya upole, nyekundu ya kasi, njano ya vichaa. Jamani, rangi si kipimo. Hakuna mhandisi anayeweza kukokotoa umbali wa kusimama kutokana na rangi nyekundu.

Hata zile herufi zinakudanganya ukizisoma vibaya

Ukitazama ubavu wa pedi nyingi utaona herufi mbili, mfano FF au GG. Huo ni utaratibu wa Marekani, SAE J866. Herufi ya kwanza ni msuguano wa kawaida, ya pili ni msuguano wa moto. E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55.

Watu wanaiita herufi ya kwanza "ya baridi". Lakini vipimo vyake vinaanzia nyuzi 200 za Farenhaiti hadi 400, yaani kati ya nyuzi 93 na 204 za Selsiasi. Hiyo ndiyo "baridi" yao! Asubuhi ya Julai huko Limuru pedi yako iko kwenye nyuzi 10. Herufi ya pili nayo inaishia nyuzi 650 za Farenhaiti, yaani 343. Kwa hiyo herufi hizo hazikwambii lolote kuhusu kusimama kwa mara ya kwanza asubuhi, wala kuhusu ile nyuzi 800 uliyoilipia. Zina faida yake, lakini usizifanye msahafu.

Kilichotokea Tigoni

Mwezi uliopita jamaa yangu mmoja alinipa lifti kwenye 240Z yake kutoka Tigoni kuja Nairobi, saa kumi na mbili asubuhi, ukungu kila mahali. Gari safi, injini inaimba. Pedi zake zilikuwa za mashindano, mpya kabisa. Hatujamaliza nusu kilomita, boda boda akatokea kwenye njia ya majani chai na mzigo wa sukuma wiki nyuma. Jamaa akakanyaga. Gari likaendelea. Akakanyaga kwa nguvu zote mpaka akainuka kitini. Tulipita nyuma ya yule kijana kwa upana wa kiganja.

Jamaa akacheka kwa woga, akasema, "Usijali bro, zikishapata moto utaona zinavyoshika."

Nikamwuliza, "Na yule wa boda angengoja zipate moto?"

Hakujibu. Tulipofika mjini breki zilikuwa zinafanya kazi vizuri kidogo, na ndipo akaanza tena kuzisifu. Hapo ndipo nilipoamua kuandika makala hii, kwa sababu nilielewa kwamba mtu anaweza kuponea chupuchupu saa kumi na mbili, na saa moja akawa ameshasahau.

Tuweke nambari kwenye kisa kama hicho. Gari liko kwenye kilomita 80 kwa saa. Kwa breki zinazotumia uwezo mzuri wa tairi kwenye lami kavu, tuseme 0.8 ya g, litasimama ndani ya mita 31 na nusu tangu breki zishike. Kama pedi ni baridi na mguu wako wote unapata 0.5 ya g tu, litahitaji mita 50. Utasema ni tofauti ya mita 19 tu. Sasa jiulize: pale gari la kwanza liliposimama kabisa, la pili linapita kwa mwendo gani? Ukokotoe: kilomita 49 kwa saa. Huyo ndiye anayemgonga mtu. Na nchini kwetu waenda kwa miguu ndio kundi kubwa zaidi la wanaokufa barabarani.

Hoja zao, na majibu yangu

Hoja ya kwanza: "Pedi inayoweza nyuzi 800 haiwezi kushindwa na nyuzi 80." Inashindwa, na nimeshaeleza kwa nini. Kiatu cha kupandia mlima Kenya si kiatu bora cha kuchezea mpira eti kwa kuwa kinastahimili barafu.

Hoja ya pili: "Pedi zangu zinashika kwa kugusa tu, kwa hiyo gari linasimama karibu zaidi." Hapana. Kinachosimamisha gari ni tairi kwenye lami. Kama pedi za kawaida zinaweza kufunga tairi zikatelezea, basi mpaka wako ni tairi, na pedi kali zaidi haiongezi hata nusu mita. Inaongeza hisia ya mguuni tu. Na kwenye gari lisilo na ABS hisia hiyo ina ubaya wake. Tairi za mbele zikifunga, usukani haufanyi kazi. Unazungusha, gari linakwenda moja kwa moja.

Hapa kuna jambo wengi hawalifikirii: uwiano wa mbele na nyuma. Mtu anaweka pedi kali mbele, dramu za nyuma anaziacha na viatu vyake vya kale. Wengine wanaongeza kalipa za pistoni 4 za Toyota Hilux ya miaka ya 1980, ambazo zinaingia kwenye 240Z bila taabu kubwa na zinapendwa dunia nzima. Sasa mbele kuna nguvu zaidi na nyuma ni ileile. Mbele inafunga mapema huku nyuma ikiwa haijafanya hata nusu ya kazi yake. Umelipa pesa nyingi ili utumie tairi mbili badala ya nne.

Hoja ya tatu: "Lakini mimi niliposhuka bonde breki zilipotea." Hii ndiyo hoja ya maana, na anayeisema anastahili jibu la maana. Kwanza niambie zilipoteaje. Kama kanyagio lilibaki gumu lakini gari halisimami, pedi zilizidiwa na joto. Kama kanyagio lilikuwa laini likashuka mpaka chini, basi mafuta ya breki yalichemka, mvuke ukajaa kwenye mabomba, na mvuke unabonyea. Hizo ni hitilafu mbili tofauti. Ukibadilisha pedi kwa sababu ya mafuta yaliyochemka, ni sawa na kununua kompyuta mpya kwa sababu waya wa mtandao umekatika. Tena pedi yenye chuma kingi inaweza kupitisha joto zaidi kwenda kwenye kalipa na kuyachemsha mafuta mapema zaidi.

Mafuta ya breki yanafyonza maji kutoka hewani. DOT 3 mapya lazima yachemke si chini ya nyuzi 205, yakishanywa maji kiwango kinashuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155. DOT 5.1 ni 260 na 180. Gari la zamani lililolala gerejini miaka miwili lina mafuta ya kundi la pili, la maji. Chupa ya mafuta mapya na saa moja ya kutoa hewa, na wengi wangegundua kwamba pedi zao hazikuwa na kosa. (DOT 5 ni ya silikoni, usiichanganye na hizo nyingine!)

Pia kuna gia. Shuka bonde kwa gia ileile ambayo ungepandia, injini ikamate sehemu ya mzigo. Bure kabisa.

Halafu kuna ile hoja ambayo si hoja, "ajali haina kinga". Naichukia. Ajali nyingi zina kinga, na hii ina hata grafu.

Sasa ununue nini?

Sisemi kila mtu abaki na pedi za bei rahisi. Sijui pedi gani inakufaa, na asiyejua unavyoendesha hajui pia. Lakini unaweza kujua mwenyewe, hivi:

1. Pima. Chipu ya MAX6675 na kipimajoto cha waya cha aina ya K vinasoma kuanzia 0 hadi nyuzi 1,024, na vinaunganishwa na Arduino kwa nyaya chache. Mwambie fundi akufungie ncha ya waya kwenye bamba la chuma la nyuma ya pedi, mbali na vitu vinavyozunguka. Andika kipimo kila sekunde kwenye kadi ya kumbukumbu. Sehemu pedi inapogusana na diski ni moto zaidi ya bamba, kwa hiyo ongeza nafasi ya usalama. Usitegemee bunduki ya infraredi kwenye diski inayong'aa, chuma kilichosuguliwa huifanya isome chini ya ukweli.

2. Usitazame kilele, tazama mgawanyo. Endesha mwezi mzima, kisha chora muda uliotumika katika kila kiwango cha joto. Magari mengi barabarani hayapiti nyuzi 200 kwa muda mwingi wa maisha yake. Kisha tazama peke yake dakika 5 za kwanza za kila safari. Hapo ndipo pedi ya mashindano inafeli mtihani.

3. Dai grafu. Mwulize muuzaji mkunjo wa msuguano dhidi ya joto. Watengenezaji wa maana wanao. Utaona kwamba kampuni moja huwa na aina kadhaa kwa kazi tofauti: Mintex, kwa mfano, wana M1144 kwa barabara za kawaida na mwendo wa haraka, na M1166 kwa rally na mashindano. Kama muuzaji ana rangi na hana grafu, msalimie uondoke.

4. Chagua inayoanza mapema, si inayoishia mbali. Tafuta pedi inayoshika vizuri kuanzia joto la asubuhi, kisha uhakikishe mwisho wake unapita kilele chako kwa nafasi nzuri. Kwa mpangilio huo, usiugeuze.

5. Badilisha mbele na nyuma kwa hesabu moja. Viatu vya dramu navyo vikaguliwe. Pedi mpya zizoeshwe kwa maelekezo ya mtengenezaji ili zipake tabaka sawasawa kwenye diski. Na ukiuziwa pedi "orijino" zilizokaa stoo tangu miaka ya 1970, kumbuka nyingi za enzi hizo zilikuwa na asbesto. Usizipulize vumbi, usizifunge.

6. Ukienda kwenye mashindano, funga pedi za mashindano ukifika. Zitoe kabla ya kurudi nyumbani. Kwenye kalipa nyingi za zamani pedi hushikwa kwa pini tu, ni kazi fupi kuliko kuosha gari.

Najua kuna watakaosema kijana wa kompyuta anawafundisha breki watu waliozaliwa gerejini. Sawa. Lakini sijawaomba mniamini mimi. Nimewaomba mpime, mdai grafu, na mlinganishe mambo mawili. Fundi mzuri hufanya hivyo kwa mkono na pua, sisi wengine tunahitaji Arduino.

Kwa vilabu vya magari ya zamani nina ombi moja tu. Kabla gari halijatoka kwenye msafara wa Jumapili, lifanyiwe jaribio la breki likiwa limelala usiku kucha, baridi kabisa, mbele ya wote. Kuanzia kilomita 50 kwa saa, kwenye uwanja mtupu. Lisiposimama vizuri kwa mara ya kwanza, halitoki, hata kama linang'aa kama kioo. Breki haihukumiwi kwa mara ya kumi, inahukumiwa kwa mara ya kwanza.

Ni hayo tu kwa leo. Mwenye hoja tofauti ailete, tutabishana kwa amani, lakini aje na grafu mkononi. Wiki ijayo tunarudi kwenye hifadhidata, naahidi.